Mdogo wangu alipasuliwa kidole tumbo, kumbe ni uvimbe ndani ya kifuko alichozaliwa nacho

Kibosho Juu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Hii ni wiki ya tatu jambo hili linaninyima usingizi. Nimelitafuta kwa Kiswahili sikupata kitu, nikaona nililete hapa jamvini. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mdogo wangu ana miaka 38, dereva wa lori, hajawahi kulazwa maishani mwake. Mwezi juzi alishikwa na tumbo chini upande wa kulia, akatapika usiku kucha na homa ikapanda. Tukamkimbiza hospitali, naomba nisiitaje. Ultrasaundi ikaonyesha kama kidole tumbo kimevimba, akaingizwa thieta usiku uleule.

Daktari alipotoka akatuambia kidole tumbo kilikuwa kizima kabisa. Alipoona hivyo akaanza kurudi nyuma na utumbo mwembamba, akiupitisha mkononi kidogo kidogo, na kama sentimita 70 kabla ya kufika unapoungana na utumbo mpana akakuta kifuko kimetokeza pembeni, urefu wa kidole gumba, chekundu, kimevimba. Akakikata, akashona. Akasema kinaitwa kifuko cha Meckel na kwamba kijana wetu alizaliwa nacho. Tukamshukuru Mungu, tukajua yameisha.

Asubuhi nesi akanikabidhi kikopo cha plastiki na fomu. Pale hawana maabara ya patholojia, yaani ya kuchunguza vinyama vilivyokatwa, kwa hiyo nikipeleke mwenyewe hospitali nyingine na nikalipie hukohuko. Nikamuuliza kama ni lazima. Akaniambia, "Kaka, wengi hawapeleki."

Nilikaa na kile kikopo ndani ya gari ya mjomba nikikitazama. Kinyama kilikuwa kimegeuka kijivu, kimejikunja, upande mmoja kinaning'inia uzi mweusi wa kushonea. Karibu na ncha, pale daktari alipopasua kutazama ndani, palikuwa na kidoti cha manjano, ukubwa wa punje ya hindi. Nikadhani ni mafuta. Nilikuwa na shilingi elfu chache mfukoni, na dawa za mgonjwa zilikuwa hazijanunuliwa. Sema tu moyo ulikataa kukitupa, nikapeleka.

Majibu yakatoka baada ya siku 18. Uvimbe wa neuroendokrini, daraja la 1, sentimita 1.1, Ki-67 asilimia 1, umepita tabaka la msuli na kufika kwenye mafuta ya nje. Mahali ulipokatwa ni pasafi, ila kwa milimita 2 tu.

Ninachoomba kwenu: daktari mmoja ametuambia uvimbe ni mdogo, umeshatoka, akaendeshe lori lake. Mwingine anataka arudi thieta akatwe kipande cha utumbo. Mdogo wangu anajisikia mzima kabisa na hataki kusikia habari ya kisu tena. Tumfuate nani?

Mwana wa Pangani

Pole sana mkuu. Ulifanya jambo kubwa kukipeleka kile kikopo. Naomba wataalamu watufafanulie hicho kifuko, maana hata mimi nimewahi kuambiwa ninacho.

Mpasuaji Bara

Mleta uzi, pole. Mimi ni daktari wa upasuaji. Mgonjwa wako sijamwona, kwa hiyo nitakueleza ninavyoujua ugonjwa, uamuzi utafanywa na wanaomshika.

Kwanza kifuko chenyewe. Mimba ikiwa changa, mtoto aliye tumboni ana kimfuko kidogo kinachofanana na kile cha kiini cha yai la kuku. Kimfuko hicho kimeunganishwa na utumbo wake kwa mfereji unaopita kitovuni. Kati ya wiki ya 5 na ya 8 mfereji hufunga na kupotea. Kwa watu kama 2 katika kila 100 haupotei wote, kinabaki kipande upande wa utumbo, na hicho ndicho kifuko. Mwanzo wake ulielezwa na Johann Friedrich Meckel wa Halle, Ujerumani, mwaka 1809, ingawa Fabricius Hildanus alishakiona tangu 1598. Kina tabaka zote za utumbo na mara nyingi kina mshipa wake wa damu. Kawaida hukaa ndani ya sentimita 100 za mwisho za utumbo mwembamba, kwa hiyo hiyo 70 ya ndugu yako ni palepale kinapotarajiwa.

Wengi hufa wazee bila kujua wanacho. Wanaosumbuliwa, watoto hutoka damu nyingi kwa njia ya haja kubwa bila maumivu, kwa sababu ndani ya kifuko huweza kuwamo ngozi ya tumbo la chakula inayotoa asidi na kuchoma utumbo jirani. Watu wazima huziba utumbo, au kifuko huvimba na kumdanganya daktari kwamba ni kidole tumbo. Ndiyo maana tulifundishwa kwamba ukifungua tumbo ukakuta kidole tumbo kizima, usifunge kabla hujaupitisha utumbo mkononi mwako. Daktari wenu wa usiku ule alifanya kazi yake vizuri, na ninampa heshima yake.

Uvimbe ndani ya kifuko ni nadra. Hata katika vifuko vinavyokatwa ni vichache sana, kati ya nusu asilimia na asilimia 3 hivi. Ukiwapo na ukawa saratani, aina inayoongoza kwa mbali ni hiyohiyo ya ndugu yako, neuroendokrini, yaani ya chembe zinazotoa homoni, ambayo zamani tuliiita karsinoidi. Jina hilo lilitolewa na Oberndorfer wa Munich mwaka 1907, akimaanisha kitu kinachofanana na saratani, kwa kuwa aliamini hakina madhara. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba kinaweza kusambaa. Mnaona jina lilivyo na mzigo: hadi leo yupo daktari anayesikia karsinoidi akatulia.

Sasa kiini cha swali lako. Nadhani daktari wa kwanza anaupima uvimbe huu kwa kipimo cha uvimbe wa kidole tumbo. Karsinoidi ya kidole tumbo ikiwa chini ya sentimita 1, ukikitoa kidole tumbo basi, mara nyingi kazi imekwisha. Lakini ya kifuko cha Meckel haifuati tabia hiyo. Inafuata tabia ya utumbo mwembamba, na uvimbe wa utumbo mwembamba hupeleka mbegu za saratani kwenye tezi za limfu na ini hata ukiwa mdogo wa sentimita 1. Wa kwenu umeshapita msuli. Ningekuwa mimi, ningemrudisha, nikakata kipande cha utumbo pale kifuko kilipokuwa pamoja na ule utando wa mafuta wenye mishipa na tezi zake, kisha nikaunga. Na kabla ya hapo siti skani ya tumbo lote, tulione ini.

Hadubini

Nakazia maneno ya Daktari. Mimi ni mtu wa maabara ya patholojia. Mleta uzi, kile kidoti cha manjano ulichodhani ni mafuta ndicho chenyewe. Uvimbe huu ukikaa kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia vinyama visioze, huwa na rangi hiyo ya manjano, tunaujua kwa macho kabla hata ya hadubini. Umenisisimua, maana umeelezea kitu ninachokiona mezani na hukujua unachokitazama.

Kuhusu hayo majibu: Ki-67 ni kipimo cha chembe ngapi katika 100 zinajigawa. Chini ya 3 ni daraja la 1, kuanzia 3 hadi 20 ni la 2, juu ya hapo ni la 3. Asilimia 1 maana yake unakua polepole sana. Hiyo ni habari njema, ila isiwalaze. Kukua polepole ni kwamba ukirudi unaweza kurudi baada ya miaka 7 au 10, wakati kila mtu ameshasahau.

Nesi wa Thieta

Ndugu yangu, lile neno "wengi hawapeleki" limenichoma, kwa sababu ni kweli. Kwenye wodi zetu huku mikoani ndugu wanapewa kikopo wakati wameshauza mbuzi kulipia operesheni. Kikopo kinakaa dirishani siku ya kwanza, ya pili, mgonjwa anaruhusiwa, kikopo kinabaki. Mimi nimevikuta chini ya vitanda.

Naomba wanaosoma hapa washike mambo machache. Kinyama kiwe ndani ya formalini, na maji ya dripu hayafai, kinaoza. Formalini iwe nyingi, mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Jina la mgonjwa liandikwe ubavuni mwa kopo, maana mfuniko unaweza kuhamia kopo lingine. Na kabla hamjaondoka ulizeni kwa sauti: kilichotolewa kimepelekwa wapi, kwa namba gani?

Kibosho Juu (mleta uzi)

Daktari, Hadubini, dada Nesi, Mungu awabariki. Nimemsomea mdogo wangu maelezo yenu kwenye simu, mara ya kwanza nimemwona anakaa kimya anasikiliza. Anauliza: kama ninao tangu kuzaliwa, mbona sijaumwa?

Mpasuaji Bara

Kifuko ndicho alichozaliwa nacho. Uvimbe umeota baadaye, hatujui lini. Na kutoumwa ni kawaida yake. Wengi hugunduliwa hivihivi, kwa bahati, tumbo likifunguliwa kwa sababu nyingine. Uvimbe huu hutoa homoni, serotonini mojawapo, lakini ikitoka utumboni hupita kwanza kwenye ini na ini huivunja. Mgonjwa anaanza kupandwa na joto na wekundu usoni, kuharisha na kubanwa kifua pale mbegu zinapokuwa zimeshakaa kwenye ini lenyewe, homoni inamwagika moja kwa moja kwenye damu. Mwambie asisubiri dalili. Kwa ugonjwa huu dalili zikija zimechelewa.

Mwana wa Pangani

Daktari, sasa umenitia hofu. Mimi nina miaka 57. Miaka mitatu nyuma utumbo mpana ulijisokota nikapasuliwa, na daktari aliniambia ameona hicho kifuko, kifupi, laini, akakiacha. Kwa nini hakukitoa? Nirudi wakakitoe?

Mpasuaji Bara

Mzee wangu, hapo umegusa ugomvi wa miaka mingi kati yetu wapasuaji, na pande zote mbili zina hoja.

Wanaosema kiachwe wanaushika utafiti mkubwa wa mapitio uliotoka 2008. Walipiga hesabu kwamba ungehitaji kuwakata watu 758 waliokutwa na kifuko kwa bahati ili kuzuia kifo kimoja. Na kukata utumbo kuna hatari zake: mshono unaweza kuvuja, utumbo ukashikana.

Wanaosema kitolewe wanaushika utafiti wa Marekani wa 2011, uliotumia kumbukumbu za saratani za kitaifa za kuanzia 1973 hadi 2006. Walikuta wagonjwa 163 tu wa saratani ya kifuko katika miaka yote hiyo, robo tatu wakiwa neuroendokrini. Lakini walipolinganisha sehemu kwa sehemu, kifuko kilikuwa na hatari ya saratani angalau mara 70 kuliko mahali pengine popote kwenye sehemu ile ya mwisho ya utumbo mwembamba. Hatari huongezeka umri unavyokwenda, ndiyo maana wao wanataka kitolewe kikionekana.

Soma namba zote mbili pamoja. Mara 70 ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo. Watu wa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, waliopitia wagonjwa 1,476 wa kuanzia 1950 hadi 2002, walishika njia ya katikati: kitoe kama mtu ana umri chini ya miaka 50, au ni mwanamume, au kifuko ni kirefu zaidi ya sentimita 2, au kina kitu kisicho cha kawaida ndani. Mimi binafsi vidole ndivyo vinavyoniamulia. Nikikibonyeza nikakuta kigumu au kina kinundu, hakibaki. Chako kilikuwa kifupi na laini, nawe ulikuwa unapasuliwa kwa dharura, utumbo umejaa uchafu. Hata mimi ningekiacha. Sioni sababu ya kukurudisha thieta kwa ajili yake. Weka kumbukumbu tu: siku ukitoka damu nyuma, au ukipungukiwa damu bila sababu, au tumbo likaziba, mwambie daktari wa siku hiyo kwamba una kifuko cha Meckel. Utamwokolea saa nyingi za kubahatisha.

Mwana wa Pangani

Nimekuelewa, Daktari. Nimeandika kwenye karatasi nikaiweka pamoja na kadi ya bima.

Tanga Raha

Kuna kipimo cha kukionyesha bila kupasua? Mtoto wa dada aliandikiwa picha ya nyuklia huko Dar.

Hadubini

Kipo. Wanachoma dawa yenye mionzi kidogo, teknesiamu, ambayo hukimbilia ngozi ya tumbo la chakula popote ilipo. Kifuko chenye ngozi hiyo kinawaka kwenye picha. Kwa mtoto anayetoka damu kinasaidia sana, kwa mtu mzima kinakosea mara nyingi. Na elewa, kinatafuta ngozi ya tumbo, hakitafuti uvimbe. Kifuko cha mdogo wake mleta uzi kingeweza kupita humo kisionekane kabisa.

Binti Mzalendo

Baba yangu naye uvimbe wake ulikuwa kwenye kifuko cha namna hiyohiyo, ila aina nyingine, unaoota kwenye msuli wa utumbo, wanaouita GIST kwa kifupi. Ulikuwa mkubwa kama embe dodo, ulijitokeza kwa kutoka damu. Baada ya kukatwa aliwekwa kwenye vidonge vya imatinibu, kila siku kimoja, kwa miaka 3. Macho yalikuwa yanamvimba asubuhi lakini alivumilia. Nataja hili ili watu wajue uvimbe wa kifuko si aina moja, na dawa si moja. Bila majibu ya maabara baba asingepewa kile kidonge, kwa sababu lazima wapime kwanza alama ya KIT.

Mpasuaji Bara

Kweli kabisa. Kuna na saratani ya tezi inayoota kwenye ngozi ya tumbo au vipande vya kongosho vilivyomo ndani ya kifuko, hiyo ndiyo mbaya kuliko hizi mbili. Na kuna uvimbe usio saratani, wa mafuta au msuli.

Kibosho Juu (mleta uzi)

Mrejesho. Tumekwenda hospitali ya rufaa, mdogo wangu amekubali. Siti skani: ini safi, ila kuna tezi moja ya milimita 9 kwenye utando wa utumbo. Wameagiza damu ya kromogranini A, wanasema ni alama ya uvimbe huu, na mkojo wa saa 24, dumu ameshapewa. Swali dogo: wamesema asile ndizi siku tatu. Sisi watu wa migombani, asubuhi mtori, jioni ndizi. Ni kweli au ni katazo tu?

Hadubini

Ni kweli kabisa, wala asiibe. Mkojo ule unapimwa mabaki ya serotonini, na ndizi zina serotonini yake. Atakula ndizi, kipimo kitapanda, mtalia bure. Nanasi, parachichi, nyanya na korosho aziache pia. Ale ugali au wali, na nyama au maharage.

Na jambo ambalo huenda hawakumuuliza: anameza dawa ya vidonda vya tumbo, omeprazo na jamaa zake?

Kibosho Juu (mleta uzi)

Anameza! Dereva huyu, chakula chake cha barabarani. Ananunua duka la dawa hata bila cheti, mwaka wa pili sasa.

Hadubini

Basi mwambieni daktari kabla damu haijatolewa. Omeprazo inapandisha kromogranini A hata kwa mtu asiye na uvimbe wowote. Daktari akikubali huwa tunaomba isimame wiki mbili.

Mama Kihonda

Ndugu zangu, shikamooni mlio wakubwa. Nimesoma huu uzi wote usiku, mikono inatetemeka. Mume wangu alipasuliwa miaka miwili iliyopita, utumbo uliziba. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika kimekatwa "kifuko cha Meckel". Majibu ya maabara hatujawahi kuyaona wala hatukuambiwa chochote. Hatukupewa kikopo. Ana miaka 44. Nifanye nini?

Hadubini

Dada, tulia kwanza. Kama hamkupewa kikopo, inawezekana hospitali yenyewe ilikipeleka. Nenda na ile karatasi ya kuruhusiwa, anzia masjala upate namba yake ya faili na tarehe ya operesheni. Kisha nenda dirisha la patholojia, omba watazame kitabu cha mapokezi cha tarehe hiyo na wiki mbili zinazofuata. Jina litafutwe kwa herufi zote wanazoweza kuwa walikosea. Vipande vya vinyama hugandishwa kwenye nta, na nta hiyo maabara huihifadhi miaka mingi. Hata kama majibu yalipotea, kikipatikana kipande kinakatwa upya na kusomwa upya.

Nesi wa Thieta

Nenda asubuhi na mapema, dada, Jumanne au Jumatano. Na usiondoke kwa neno la "hakuna" mpaka umwone mtu akifungua kitabu chenyewe.

Kibosho Juu (mleta uzi)

Mrejesho wa pili. Amepasuliwa Alhamisi. Wametoa sentimita 20 za utumbo na utando wake. Tezi 13, moja ina mbegu, ndiyo ileile ya milimita 9. Mahali pa kukatia pasafi pande zote. Mkojo ulikuwa wa kawaida, na kromogranini nayo baada ya kusimamisha omeprazo. Hapewi dawa kwa sasa, ni kufuatiliwa: skani kila miezi 6 mwanzoni, baadaye mara moja kwa mwaka, kwa miaka 10 au zaidi. Jana ameanza uji. Ameniambia nimwandikie Daktari Mpasuaji Bara kwamba ile tezi angekuwa anatembea nayo Tunduma na Lusaka.

Mpasuaji Bara

Mpe salamu zangu. Asibebe mzigo mzito wiki 6.

Mama Kihonda

Nimerudi. Siku ya kwanza waliniambia hakuna. Nikamwomba kijana wa dirishani anifungulie kitabu tukatazame wote. Jina la mume wangu lilikuwepo, wameandika Hamisi kwa "z". Majibu yalishatoka muda mrefu, yamekaa kwenye bahasha hayajachukuliwa na mtu. Nimesomewa na daktari: ngozi ya tumbo la chakula ndani ya kifuko, kidonda, hakuna uvimbe.

Bahasha ninayo mkononi hapa. Nimeitoa kopi mbili.